Mtoto wa kike kwenye muvi za Kitelugu: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ukitaja Sridevi, yule staa wa kike wa sinema za India, kila mtu anajua unamsema nani, yule dada wa Chandni, wa Mr. India, wa sari ya bluu. Mama yangu alikuwa na kaseti zake mbili ambazo hakuna mtu aliyeruhusiwa kurekodia juu yake, hata harusi ya mjomba ilibidi itafutiwe kaseti nyingine. Ila ukiuliza Sridevi alianza lini kazi, jibu ni hilohilo, alianza miaka ya themanini na Jeetendra, stelingi wa Bollywood aliyecheza naye Himmatwala. Nimebishana hili jambo na ndugu, na wapangaji wenzangu, mpaka na muuza CD, nikaona bora niandike nimalize, maana kinachoniuma sio kukosea mwaka, ni kwamba kuna mtoto amefutwa pale. Mtoto alifanya kazi miaka na miaka na hakuna anayemhesabia.

"Sridevi alianzia Bollywood na Himmatwala"

Hapana. Himmatwala ni 1983. Sridevi alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 kijiji cha Meenampatti karibu na Sivakasi, jimbo la Tamil Nadu, na mwaka 1967 tayari alikuwa mbele ya kamera kwenye picha ya Kitamil inaitwa Kandhan Karunai. Hata miaka minne hajatimiza jamani. Kwenye Kitelugu, lugha nyingine ya India ya kusini, akaingia 1970 na Maa Nanna Nirdoshi, yaani Baba Yetu Hana Hatia. 1971 akacheza Poompatta ya Kimalayalam na serikali ya Kerala ikampa tuzo ya mwigizaji bora mtoto. Kwahiyo hiyo Himmatwala mnayosema ndio mwanzo, alifika pale akiwa na miaka 16 kazini, na hata hiyo Himmatwala yenyewe ni marudio ya picha ya Kitelugu, Ooruki Monagadu ya 1981, dairekta ni yuleyule K. Raghavendra Rao. Bollywood walipokea mtu aliyeiva.

"Zote ni picha za Kihindi tu"

Hili tunakosea kwasababu kwetu kila kitu kilichotoka India ni "la Kihindi", mwenye banda la video hakuwa na muda wa kutuchambulia lugha. Kihindi ni Mumbai. Kitelugu ni lugha nyingine kabisa, sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 81 ambao ndio lugha yao, wengi wako Andhra Pradesh na Telangana, na picha zao leo zinatengenezwa Hyderabad. Aliyeona RRR, ile yenye wimbo wa Naatu Naatu uliochukua Oscar 2023, ameona picha ya Kitelugu.

Lakini zamani makao hayakuwa Hyderabad, yalikuwa Madras ambayo siku hizi ni Chennai, mtaa unaitwa Kodambakkam, na hapa ndipo utaelewa mtoto mmoja alivyoweza kucheza lugha nne. Studio za Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada zote zilikuwa mji mmoja, mafundi wa taa wale wale, kamera zile zile. Mtoto akionekana anashika maelekezo upesi na halii lii ovyo, prodyuza wa jirani anasikia, kesho anaitwa. Sridevi nyumbani baba alikuwa Mtamil na mama anaongea Kitelugu kwahiyo hizo mbili alikuwa nazo, zilizobaki mtoto anakaririshwa mstari mmoja mmoja kama sie tulivyokaririshwa mashairi darasa la kwanza.

"Baby ni sehemu ya jina lake"

Baby Sridevi, Baby Shalini, Baby Shamili, Baby Roja Ramani. Sio jina wala a.k.a., ni utaratibu wa kuandika majina mwanzo wa picha kule India ya kusini, mtoto wa kike anaandikwa Baby na wa kiume anaandikwa Master. Siku "Baby" ikiondolewa pale mbele ya jina ndio umma mzima unaambiwa huyu sasa ni mkubwa. Kumbuka hilo neno maana kuna sehemu nitalirudia.

"Mtoto wa kike anapewa tu kasehemu kadogo ka kulia"

Wanaosema hivi hawajaona Bhakta Prahlada ya 1967. Ni hadithi ya dini ya Kihindu, mfalme Hiranyakashipu anataka aabudiwe yeye, mwanae mdogo Prahlada anakataa, anasema Mungu wangu ni Vishnu, baba anajaribu kumuua kila namna na mtoto hatetereki. Prahlada ni mtoto wa kiume. Aliyecheza ni msichana, Roja Ramani, hajafika hata miaka minane, na anayemkabili ni S. V. Ranga Rao, jitu la watu, sauti kama ngoma ya msondo, taji kichwani, rungu begani. Angalia zile sehemu wanapojibizana. Yule mzee ananguruma mpaka unahisi kiti kinatetemeka, halafu kamera inarudi kwa mtoto na mtoto amefumba mikono kifuani, uso umetulia tuli. Pale picha nzima imebebwa na yeye, akiyumba kidogo tu hakuna picha.

Na hii sio bahati ya mara moja. Picha ya kwanza kabisa ya Kitelugu yenye sauti, ya 1932, ilikuwa hiyohiyo hadithi ya Prahlada, maana yake sinema ya Kitelugu ilijifunza kuongea kupitia mdomo wa mtoto. Sridevi naye kwenye Thunaivan ya 1969 alicheza Murugan, mungu wa kiume, wala hakuna aliyeshangaa.

"Ile sauti ni yake"

Mara nyingi sio. Picha nyingi zilikuwa zinapigwa kwanza halafu sauti zinaingizwa baadae studio, kwahiyo unayemwona na unayemsikia wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Hapa kuna kitu kilinigusa sana nilipokigundua. Roja Ramani alipokua akaja kuwa msanii wa kuingiza sauti, mastaa kibao wa kike wa Kitelugu waliokuwa wanatamba kwenye mabango waliongea kwa koo la yule Prahlada mdogo. Na Sridevi alipoenda Bollywood Kihindi hakikuwa kimekaa sawa, akawa anaingiziwa sauti na Naaz, ambaye naye alikuwa mtoto staa, ndio yule binti wa Boot Polish ya 1954 aliyetambuliwa mpaka Cannes. Sridevi akaja kutumia sauti yake mwenyewe kwa Kihindi kwenye Chandni, 1989. Kwahiyo ukisikia "huyu mtoto alipotea", uliza kwanza, inawezekana hakupotea, amesimama gizani mbele ya maiki anampa mwenzie sauti.

"Alipoanza kucheza na wakubwa alikuwa mkubwa"

Hapa naomba tukae kidogo kwasababu ndio kiini cha yote.

1972 kuna picha inaitwa Badi Panthulu, maana yake mwalimu wa shule. Stelingi ni N. T. Rama Rao, NTR, mkubwa wao wote, ambaye baadae 1983 akawa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Alikuwa na miaka 49 hivi ila anacheza mzee kabisa, mwalimu mstaafu, nywele zimepakwa mvi, na Sridevi ni mjukuu wake. Kuna wimbo pale, Boochadamma Boochadu, boochadu ni kama zimwi la kutishia watoto, babu na mjukuu wanacheza, na yule mtoto anacheka kicheko cha mtoto kweli, sio cha kufundishwa.

Sasa piga hesabu. 1979 inatoka Vetagadu. Stelingi NTR tena, miaka 56. Mpenzi wake kwenye picha ni Sridevi, na picha imetoka Julai, mwezi mmoja kabla hajatimiza 16. Miaka saba tu kutoka mjukuu mpaka mpenzi, mtu yuleyule na msichana yuleyule. Wakaendelea, Sardar Papa Rayudu 1980, Kondaveeti Simham 1981, zikajaza majumba ya sinema, na watu mpaka leo wanaisimulia hiyo kama kituko cha kufurahisha, "ona alicheza mjukuu halafu akacheza mchumba". Mimi sioni cha kufurahisha. Naona binti wa darasa la tisa.

Na Vetagadu haikuwa ya kwanza. 1976 kwenye Moondru Mudichu, picha ya Kitamil ya dairekta K. Balachander, alikuwa na miaka 13 na akapewa kucheza mwanamke mtu mzima, tena inafika mahali anakuwa mama wa kambo wa Rajinikanth, staa wa Kitamil, ambaye wakati huo ana miaka 25. Mtoto wa miaka 13 anamkanya mwanaume wa miaka 25 kama mama, na anaiweza, ukiangalia unasahau umri wake kabisa, na hapo ndipo uchungu ulipo. Alikuwa anaiweza kwahiyo hakuna aliyeuliza. 1978 akafanya picha ya Kitelugu Padaharella Vayasu, tafsiri yake ni umri wa miaka kumi na sita, na yeye hiyo kumi na sita alikuwa hajaifikia.

Ndio maana nilisema mkumbuke neno Baby. Halikuondolewa kwasababu mtoto amekua, liliondolewa kwasababu soko linataka. Sridevi mwenyewe aliwahi kueleza kwamba shule na chuo vilimpita, na mtu aliyeanza kazi kabla hajatimiza miaka minne, akafanya lugha nne, halafu akaruka moja kwa moja kwenye ukubwa, muda wa kukaa darasani angeutoa wapi?

"Mtoto staa lazima awe staa mkubwa" na pia "mtoto staa lazima apotelee mbali"

Nazisikia zote mbili, wakati mwingine kwa mtu mmoja. Ukweli ni mchanganyiko. Meena alianza mtoto 1982, akacheza mtoto na Rajinikanth kwenye Anbulla Rajinikanth ya 1984, akarudi Kitelugu kama stelingi wa kike na Navayugam 1990, mwaka uliofuata akafanya Seetharamayya Gari Manavaralu na mwigizaji mkongwe Akkineni Nageswara Rao, akawa mmoja wa wakubwa wa miaka ya tisini. Shamili, yule katoto ka Anjali ya 1990 kaliyeliza India nzima mpaka kupewa tuzo ya taifa, alirudi Kitelugu kama mkubwa kwenye Oye! ya 2009 na haikushika vile watu walivyotegemea, maisha yakaendelea na sasa anachora. Mtu akitaka kumwita amefeli mimi nitambishia, alichofanya na umri wa miaka mitatu wengine hawajakifanya mpaka wanazeeka.

Na kuna Kavya Kalyanram, mtoto wa Gangotri ya 2003. Huyu aliacha kamera akaenda kusoma sheria, akarudi mwenyewe kwa miguu yake na Masooda ya 2022 na Balagam ya 2023, ile ya msiba wa kijijini Telangana ambayo kama umefiwa karibuni usiiangalie peke yako. Njia yake ndio naipenda kuliko zote.

"Hela ni za wazazi na sheria hakuna"

Enzi za Sridevi mtoto, kweli kulikuwa hakuna cha maana kilichomlinda. Ila sasa ipo. India ilirekebisha sheria ya ajira ya watoto mwaka 2016, kanuni zake zikatoka 2017, na waigizaji watoto wametajwa kabisa. Prodyuza lazima apate kibali wilayani, mtoto asizidishe masaa matano kwa siku, asipitishe matatu bila kupumzika, asifanye kazi zaidi ya siku 27 mfululizo, shule isikatike, kila watoto watano wawe na mtu wa kuwaangalia, na mtoto mwenyewe awe amekubali. Halafu asilimia 20 ya malipo angalau iwekwe benki, akaunti maalum kwa jina lake, aje kuikuta akiwa mtu mzima. Kuandikwa ni kitu kimoja na kufuatwa kwenye seti saa nne usiku ni kingine, hilo sio la India peke yake, lakini ukiweka hiyo karatasi pembeni ya maisha ya yule binti wa 1976 unaona ni dunia mbili.

"Siku hizi watoto ni mapambo tu"

Hapana bwana. Agosti 2025 zilipotangazwa tuzo za taifa za India, mmoja wa walioshinda mwigizaji bora mtoto ni Sukriti Veni Bandreddi kwa picha ya Kitelugu Gandhi Tatha Chettu, kuhusu msichana wa kijijini anayeupigania mti ambao babu yake aliupenda. Najua kuna watakaosema ni mtoto wa dairekta mkubwa, Sukumar wa Pushpa, sawa, mlango ulikuwa wazi. Lakini picha ile ilitaka msichana mwenye kipara, na yeye akakaa, akanyolewa nywele zote, nywele za msichana wa umri wa kujitazama kwenye kioo, halafu akabeba picha nzima na kichwa chake kile kitupu, na kuna pale anasimama mbele ya watu wazima wa kijiji wamekunja sura na yeye hainamishi macho. Nilipomwona nilimkumbuka Roja Ramani mbele ya lile jitu la watu, 1967, mikono imefumbwa kifuani.