Jiwe la Maili Liachwe Lilipo

Jiwe la maili, lile la kando ya barabara linaloonyesha umbali, likionekana tupu mchana, mimi hulirudia usiku na tochi. Naishika tochi ubavuni, mwanga uteleze juu ya uso wa jiwe badala ya kuupiga moja kwa moja, na michoro ya patasi ambayo hata vidole havikuihisi inaanza kutupa vivuli. Kwanza unajitokeza mkia wa herufi, kisha tarakimu. Miaka yote hii, na bado moyo hunidunda tarakimu ile inapoonekana.

Lakini tarakimu peke yake haitoshi. Jiwe lililoandikwa 7 linasema kweli mahali pamoja tu duniani. Lihamishie bustanini au mbele ya jumba la makumbusho, nalo linabaki pambo.

Warumi walihesabu maili kwa hatua 1,000, na hatua moja kwao ilikuwa mwendo wa miguu yote miwili, kulia na kushoto. Maili hiyo ni kama mita 1,480. Waingereza waliiweka yao kisheria mwaka 1593 kuwa futi 5,280, yaani karibu mita 1,609. Kwa hiyo ukipata mawe mawili yanayofuatana, yote yakiwa pale yalipochimbiwa, unaweza kufuata barabara ya kale ukiwa na kipimo na kujua aliyeyasimamisha alitumia maili gani. Tena jiwe lililoachwa peke yake shambani huonyesha barabara ilipopita kabla ya kunyooshwa. Sogeza moja tu, ushahidi wote huo umepotea.

Uingereza mawe haya ni mengi kwa sababu tangu mwaka 1767 barabara zote za kulipia ushuru zililazimishwa kuwa na alama za maili. Kisha ikaja hofu ya uvamizi wa Wajerumani mwaka 1940. Mengi yaling'olewa, yakafukiwa au yakafutwa majina ya miji ili adui asijue alipo. Baada ya vita yapo yaliyorudishwa, na yapo ambayo hayakuonekana tena. Siku hizi adui ni mashine ya kukata nyasi, gari linaloacha njia, na mwizi.

India kuna minara ya kos (kos ni kipimo cha umbali cha huko), minara ya matofali iliyosimamishwa kando ya barabara kuu enzi za mtawala Sher Shah Suri na wafalme wa ukoo wa Mughal. Mmoja sasa uko ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi. Jiji limeukuta na kuuzunguka, wenyewe haukusogea. Napenda sana mfano huo.

Sasa niseme kuhusu wanaosaidia kwa nia njema, maana hapo ndipo ninapoumia. Niliwahi kukuta jiwe limesuguliwa kwa brashi ya waya, likapakwa rangi nyeupe ya plastiki na kujengewa saruji miguuni. Liling'aa kweli. Lakini jiwe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Ukiuziba uso kwa rangi, maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya, na tabaka la juu hubanduka kama magamba, maandishi yakiwemo. Nilipoligusa lile, nusu ya herufi moja ilibaki kidoleni mwangu.

Tumia maji safi na brashi laini, basi. Mashine ya maji ya presha usiisogeze karibu na jiwe kabisa. Kama jiwe lilikuwa likipakwa chokaa tangu zamani, lipake chokaa, na nyufa zizibwe kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Jiwe lenye bamba la chuma ni kazi nyingine: kutu iondolewe, kisha rangi.

Barabara ikipanuliwa na hakuna namna, jiwe lirudishwe nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye barabara, upande uleule, uso wake ukielekea kulekule. Piga picha na upime mahali pake kabla jembe halijagusa ardhi. Na chimba taratibu: mara nyingi sehemu kubwa ya jiwe iko chini, na huko chini patasi ya fundi bado inaonekana kana kwamba imepita jana.