Menyu ya wiki na manunuzi kipindi cha theluji: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kila mwaka theluji ikianza tu kudondoka naona familia zinarudia makosa yaleyale, na sio kwamba watu ni wazembe, ni vitu tunavyoambizana mpaka vinaonekana kweli. Nimelisha watoto kwenye baridi kali misimu kadhaa sasa, kwa hiyo nataka niyaseme haya wazi manake mengine yanakupotezea hela tu ila mengine yanaua watu kabisa.

Watu wanasema: menyu ya wiki ni kuandika J3 tunakula hiki, J4 kile, basi

Hapa ndo wengi wanakwama halafu wanasema kupanga menyu hakuwafai. Unakaa Jumamosi unaandika menyu nzuri, Alhamisi umeiwekea spinachi na samaki mbichi, Jumatano usiku theluji inashuka mpaka magotini, barabara hazipitiki, na ile spinachi uliyonunua Jumamosi imeshalegea imeanza kuteleza. Sasa kosa sio theluji, kosa ni mpangilio.

Kipindi hiki menyu inapangwa kwa kufuata kinachoharibika kwanza, hamu inakuja baadaye. Kuku mbichi, nyama ya kusaga na samaki mbichi kwenye friji ni vya siku 1 au 2, havingoji, kwa hiyo vinaliwa mwanzoni pamoja na majani mabichi, au vinaingia friza siku ileile umevinunua. Katikati ya wiki unaweka vitu kama brokoli, koliflawa, pilipili hoho. Mwisho wa wiki ndo zamu ya kabichi, karoti, viazi, boga, maharage, adesi, mayai na vitu vya friza na makopo. Ukishapanga hivyo dhoruba ikija siku yoyote ile inakukuta umebaki na vile vinavyovumilia, haijalishi ni siku gani.

Na siku 2 za wiki usiziandikie chochote kipya. Moja ni ya viporo, ambavyo kwenye friji ni vya siku 3 mpaka 4 hivi na ukipasha hakikisha vinachemka haswa hadi katikati sio uvuguvugu. Nyingine mimi naiita siku ya dhoruba, mlo ambao kila kitu chake kipo kabatini tayari na hauhitaji mtu kutoka nje. Dhoruba isipokuja mlo huo unahamia wiki inayofuata, hujapoteza kitu.

Afu kabla hujaandika listi ya manunuzi fungua friji, fungua friza, fungua kabati, andika kilichopo. Listi inaanzia hapo, sio kwenye hamu wala kwenye matangazo ya ofa. Friza hasa, kwa sababu vitu vinajificha chini kule mpaka unanunua mfuko wa 3 wa njegere na miwili ipo, ndo maana naandika jina na tarehe kwenye kila kitu ninachogandisha, nyama ikishaganda bila alama, zote zinafanana.

Watu wanasema: nje kuna baridi kuliko friji, weka tu sufuria kibarazani

Hii nawaomba sana muiache. Friji inakaa nyuzi 4 au chini yake muda wote, nje haipo hivyo, usiku inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, mchana jua likapiga kile chombo chako kikapata joto hata kama hewa yenyewe bado ni ya baridi. Kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 ndo bakteria wanazaliana kwa kasi, na chakula kikishakaa humo zaidi ya saa 2 hakifai tena. Bado wanyama na ndege hawajaja kukionja.

Na ile ya kuchimbia sufuria ya supu ya moto kwenye theluji ipoe haraka nayo haifanyi kazi kama watu wanavyodhani. Theluji imejaa hewa, inafanya kazi kama blanketi, ile iliyo karibu na sufuria inayeyuka inaacha uwazi halafu supu inakaa vuguvugu katikati masaa. Supu nyingi unaigawa kwenye vyombo vya kina kifupi, inapoa upesi, inaingia friji.

Baridi ya nje ina kazi nyingine nzuri kabisa. Jaza maji kwenye makopo ya plastiki au chupa (acha nafasi juu, maji yakiganda yanatanuka), weka nje yagande, halafu umeme ukikatika unaingiza ile barafu ndani ya friji. Hapo umetumia baridi na chakula hakijakaa juani.

Watu wanasema: umeme ukikatika kila baada ya muda chungulia friji uone hali

Usichungulie! Friji isipofunguliwa inatunza ubaridi kama saa 4. Friza lililojaa likifungwa linafika kama saa 48, lililojaa nusu kama saa 24. Kila ukifungua mlango unapunguza masaa hayo, kwa hiyo waambie na watoto mapema. Kwa sababu hiyo hiyo mimi friza likibaki na nafasi najaza chupa za maji, yakiganda yanashikilia baridi.

Umeme ukirudi, kilicho bado na vipande vya barafu ndani yake au bado kipo nyuzi 4 au chini unaweza kukigandisha tena, ladha itashuka kidogo lakini ni salama. Nyama, maziwa au chakula kilichopikwa ambacho kimekaa kwenye joto zaidi ya nyuzi 4 kwa saa 2 au zaidi kinatupwa, inauma najua. Na usionje ili ujue kama kimeharibika, vijidudu vingine havibadilishi harufu wala ladha.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa kama naweza: USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI eti umeme umekatika na watoto wana njaa. Wala jiko la gesi la kambini, wala jenereta kwenye gereji hata kama mlango upo wazi. Vinatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, mtu anaumwa kichwa kidogo anasinzia na ndo basi. Nyumba ya kipindi cha baridi imefungwa kila tundu, kwa hiyo hewa hiyo inajaa upesi. Jenereta linakaa nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na madirisha, na kile kifaa cha kutambua hewa hiyo kiwe na betri nzima.

Ndo maana ile siku ya dhoruba kwenye menyu lazima iwe na mlo mmoja angalau usiohitaji moto kabisa. Samaki wa kopo, maharage ya kopo, mkate, siagi ya karanga, matunda makavu. Na kifungulio cha kopo cha mkono, watu wanasahau hiki, wana makopo 20 na kifungulio cha umeme.

Watu wanasema: mboga za friza na za kopo hazina vitamini, ni afadhali mbichi

Mboga mbichi iliyochumwa leo, sawa. Lakini kwenye nchi iliyofunikwa na theluji ile unayoiona dukani imeshasafiri siku kadhaa, ikakaa ghalani, ikakaa rafuni, halafu ikakaa kwako, na vitamini C inapungua siku zote hizo, mboga za majani ndo zinapoteza haraka zaidi. Za friza zinachemshwa dakika chache tu na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa. Kuna kidogo kinachopotea kwenye kule kuchemshwa, kilichobaki kinatulia. Kwa ujumla ziko sawa na mbichi, na mara nyingine zinaizidi ile mbichi iliyokaa friji wiki nzima.

Na kugandisha kwa haraka huku kumetoka kwenye baridi hiihii. Clarence Birdseye, Mmarekani, aliishi Labrador kule Kanada miaka ya 1910, akawaona Wainuit, wenyeji wa kule, wanavua samaki na samaki anaganda papo hapo kwa ile baridi na upepo, halafu akipikwa miezi baadaye bado ana ladha ya samaki freshi. Kikiganda haraka barafu inayojitengeneza ndani ni chembe ndogo ndogo, hazipasui nyama. Kikiganda polepole chembe zinakuwa kubwa na ukiyeyusha maji yote yanatoka. Akaifanya biashara miaka ya 1920. Kwa hiyo hata nyumbani gawanya nyama mafungu madogo bapa, usiweke bonge moja, linaganda polepole na kuyeyuka polepole.

Za kopo shida yake kubwa ni chumvi, mwaga ule mchuzi suuza maharage na maji, chumvi inapungua sana. Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea pale kwenye maungio, tupa bila kulifungua.

Kabichi nayo isidharauliwe. Ina vitamini C, inakaa wiki kadhaa kwenye friji ikiwa nzima, na bei yake inavumilika karibu kila mahali. Mimi ndo mboga yangu ya kwanza kwenye listi.

Watu wanasema: kugandisha kunaua vijidudu

Hapana, vinalala tu. Nyuzi 18 chini ya sifuri vinasimama kuzaliana, ukiyeyusha vinaamka. Kwa hiyo nyama haiyeyushwi juu ya meza ya jikoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wala sio juu ya hita. Inahamia friji usiku uliotangulia, na bonge la kilo 2 hivi linahitaji kama saa 24, ndo maana kwenye menyu yangu pembeni naandika "toa nyama" siku moja kabla ya siku ya kuipika. Ukisahau, ipike ikiwa imeganda hivyohivyo kwenye oveni au jikoni, itachukua kama nusu ya muda zaidi.

Watu wanasema: maharage mekundu makavu unayatupia kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole, jioni yameiva

Chungu hiki ni rafiki wa kila mama na baba kipindi cha baridi, nakubali, lakini maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo inaondolewa na mchemko mkali, na chungu cha polepole mara nyingi hakifiki joto hilo. Punje chache tu zinatosha kumtapisha mtu vibaya. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya yakitokota dakika 10 au zaidi (mimi naenda 30), ndo uyahamishie kwenye chungu. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Watu wanasema: ili vikae muda mrefu, vyote weka friji

Viazi hapana, kwenye baridi ya chini sana wanga wake unageuka sukari, vinakuwa vitamu na vinaungua rangi ukivikaanga. Sehemu yenye giza, ubaridi kidogo na hewa, na visikae pamoja na vitunguu. Vitunguu na boga vinataka pakavu. Karoti, kabichi na bitiruti ndio, friji. Ila tenga matufaha mbali na karoti, tufaha linatoa gesi inayofanya karoti iwe chungu, na wengi wanamlaumu muuzaji bure.

Watu wanasema: dhoruba ikitangazwa kimbia ukanunue maziwa, mkate na mayai

Ndo vitu 3 hivyo ambavyo kila mtu anavifuata, rafu zinabaki tupu na barabara zinajaa muda mbaya kuliko wote. Maziwa yanagandishwa (acha nafasi juu, ukiyeyusha yatikise), mkate unagandishwa ukiwa umekatwa vipande unatoa kimoja kimoja. Mayai na maganda yake usigandishe, yanapasuka, lakini kwenye friji yanakaa wiki kadhaa.

Akiba ya chakula cha siku 3 na maji kama lita 4 kwa kila mtu kwa siku inatosha kuanzia, na hainunuliwi siku moja. Kila wiki ongeza vitu 2 vya ziada kwenye listi yako ya kawaida, vitu mnavyokula kweli, vipya weka nyuma vya zamani mbele. Mwenye mtoto mchanga ahesabu maziwa ya mtoto, na mwenye dawa za kila siku azihesabu pia, hizo jirani hawezi kukuazima.

Watu wanasema: mwili unahitaji kula zaidi sana kwa sababu ya baridi

Anayezoa theluji kwa koleo kutwa, ndio. Tunaoshinda ndani kwenye hita, hapana, mahitaji yetu hayabadiliki kivile. Kinachopungua kweli ni kiu, baridi inafanya mtu asahau kunywa maji, ndo maana supu na chai zina nafasi yake kwenye menyu. Na vitamini D: nchi zilizo mbali na ikweta jua la miezi ya baridi ni dhaifu mno ngozi haiwezi kuitengeneza ya kutosha, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ya wengine. Uingereza wanashauri watu wafikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku miezi ya vuli na baridi. Weka samaki wa mafuta kama salmoni au dagaa wa kopo kwenye menyu ya kila wiki, mayai, maziwa yaliyoongezewa vitamini hiyo, na ya vidonge muulize daktari hasa kwa watoto.

Watu wanasema: kipindi hiki gari ni friji, manunuzi yanaweza kulala humo

Mayai yanapasuka, saladi na ndizi zinaharibika, chupa za soda zinalipuka, makopo yanavimba na hujui tena kama ni barafu au bakteria. Na ukiwa njiani na hita imewashwa ndani ni joto, kwa hiyo vitu vya friza na nyama vinakaa kwenye buti, mboga za majani zinakaa ndani na ninyi, na ukifika shusha vyote hapohapo kabla hujavua koti.