Kama ndoto hii ingekuwa yangu: kuendesha kikundi cha saikolojia ya kina mtaani

Kikundi cha saikolojia ya kina hakihitaji ukumbi wala mgeni rasmi. Kinahitaji watu sita hadi wanane, chumba chenye mlango unaofungika, saa ya ukutani, na mwendesha kikao asiyeona haya kumkatiza mtu. Wakiwa wanne, siku wawili wakiugua hakuna kikao. Wakifika kumi na wawili, wapo watakaokaa kimya wiki tatu mfululizo, na wiki ya nne hutawaona.

Kwa anayelisikia jina hili mara ya kwanza: saikolojia ya kina ni mkondo wa madaktari Sigmund Freud wa Austria na Carl Jung wa Uswisi, unaoshikilia kwamba sehemu kubwa ya nafsi ya mtu imefichika kwa mwenyewe, na hujitokeza kwa njia za pembeni, kama ndoto, ulimi kuteleza, au picha inayokuja bila kuitwa. Mkondo wenyewe ulianzia sebuleni. Mwaka 1902, jijini Vienna, madaktari wachache walianza kukutana nyumbani kwa Freud kila Jumatano jioni. Mmoja alisoma andiko lake, ikanywewa kahawa, kisha majina yakachotwa kwenye chombo, na aliyetajwa alipaswa kusema. Kura naiunga mkono, ulazima siutaki. Katika kikundi chenye watu wa kuamkiana shikamoo, mkubwa akishatoa maoni yake, vijana watayapamba tu. Kura humwondolea mdogo lawama ya kumtangulia mkubwa. Ila kila mtu awe na ruhusa ya kusema "napita" bila kuulizwa sababu.

Kusoma pamoja ni vyema, lakini kurasa kumi na tano kwa kikao zinatosha. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu kitabu kizito kilipangiwa wiki mbili, nusu ya watu hawakukimaliza, wakaona aibu kuja. Na angalieni tafsiri za istilahi. Jung anapozungumzia upande wa nafsi tunaoukataa, neno lililozoeleka ni "kivuli". Sasa kwa Kiswahili kivuli ni mahali pa kupumzikia jua likiwaka! Msomaji anasikia mwembe na mkeka wakati mwandishi anasema chuki, wivu na uoga. Mimi husema "upande wa giza" mpaka watu walizoee wazo lenyewe, ndipo "kivuli" hurudi bila madhara.

Kiini cha kikundi ni kazi ya ndoto. Utaratibu ninaoufuata uliundwa na Montague Ullman, daktari wa akili wa Marekani aliyeufundisha sana nchini Sweden kuanzia miaka ya 1970. Ubora wake ni kwamba unaweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu, mradi hatua zisirukwe. Ndoto moja hula dakika tisini. Msijaribu mbili.

Mwenye ndoto anaisimulia polepole, iwe ya karibuni na fupi, nasi tunaiandika neno kwa neno. Haelezi anadhani ina maana gani. Kisha maswali ya kufafanua tu, dakika kumi na tano kwa jumla. Hapa Kiswahili kina mitego yake. "Ndugu yangu alikuwa mlangoni": ndugu yupi, wa kike au wa kiume, wa tumbo moja au binamu? "Mwalimu alinifuata": lugha yetu haisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na kila msikilizaji ameshamchora wake. "Nilikuwa kwetu": kwetu kijijini, kwetu ulikolelewa, au pale unapopanga sasa? Ulizeni pia rangi, umri wa mwotaji ndani ya ndoto, na hisia zilizokuwamo. Msiulize "kwa nini", maana swali hilo tayari ni tafsiri.

Baada ya hapo mwenye ndoto ananyamaza, na wengine wanaichukua ndoto kana kwamba waliiota wao. Kila sentensi inaanza hivi: "Kama ndoto hii ingekuwa yangu, ningehisi..." Dakika kumi za hisia, kisha dakika ishirini za mafumbo: maji yale yangekuwa nini kwangu, mlango ule ungenikumbusha nini. Tunazungumza sisi kwa sisi bila kumtazama mwenye ndoto usoni. Kiungo hiki kidogo, -nge-, ndicho kinachobeba utaratibu mzima. Siku mtu akiteleza na kusema "hii inaonyesha una hasira na mama yako", mkatize hapo hapo, kwa upole, arudie kwa -nge-. Hasira anayoiona huenda ni yake, na -nge- inamrudishia mzigo wake. Ukiiachia mara moja, ndani ya nusu saa kikundi kimegeuka baraza la wazee linalomhukumu mtu kwa kosa la kulala.

Ndoto inarudi kwa mwenyewe. Anasema kilichomgusa na kisichomgusa, kwa muda autakao, bila kukatizwa. Halafu maswali ya mazingira: siku ile ilikuwaje, kabla ya kulala ulikuwa ukiwaza nini, ulizungumza na nani mwisho? Akiafiki, mmoja anamsomea ndoto yake tukio kwa tukio, akisita kila mahali, naye anaongeza kilichojitokeza. Mwishoni kabisa, kama ameomba, wenzake wanaweza kuunganisha walichosikia kutoka kinywani mwake, wasiongeze kingine. Ana haki ya kusema "basi" hatua yoyote, na kikao kijacho apewe dakika tano za kwanza, kwani mengi humjia akiwa peke yake.

Wageni hutaka kitu tofauti: kamusi. Nyoka maana yake nini, jino kung'oka maana yake nini? Pwani watu wamezoea tabiri zinazohusishwa na Ibn Sirin, mwanazuoni wa Kiislamu wa kale, na si vibaya kuzijua, ila hiyo ni kazi nyingine, msiichanganye na hii. Wapo pia wanaoshika mafundisho ya Kiislamu kwamba ndoto mbaya haisimuliwi: mtu hutema mate kidogo kushoto mara tatu, akaomba kinga kwa Mungu, akaiacha. Mwenye msimamo huo asishawishiwe hata kidogo. Alete ndoto njema, au achore, au awe msikilizaji.

Kuhusu kudai ndoto, eneo letu lina kisa chake. Mwishoni mwa mwaka 1925 Jung mwenyewe alishuka Mombasa, akapanda reli hadi Nairobi, kisha akapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akiwauliza wenyeji habari za ndoto zao. Mganga mmoja mzee alimjibu kwamba tangu Wazungu waje hakuna anayeota tena, kwa kuwa habari za vita na maradhi, ambazo zamani waganga walizipata ndotoni, sasa anazijua mkuu wa wilaya. Jung aliliona jibu hilo kama msiba wa utamaduni unaokufa. Mimi, nikijua mzee wa huku anavyomjibu mgeni mwenye daftari, nasikia pia "hayo hayakuhusu" iliyosemwa kwa adabu. Kwa hiyo mwendesha kikao anauliza mara moja tu, "Kuna aliyekuja na ndoto?", kisha ananyamaza dakika nzima. Isipopatikana, tunaenda kwenye mchanga.

Sanduku la mchanga, ambamo mtu hupanga vifaa vidogo kujenga picha ya kilichomo ndani yake, ni ubunifu wa Dora Kalff, mtaalamu wa tiba ya nafsi wa Uswisi, aliyejengea juu ya kazi ya Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto wa London. Vipimo vyake ni sentimita 57 kwa 72, kina 7, ili jicho lilione lote bila kichwa kugeuka. Fundi seremala wa mtaani atalitengeneza kwa siku moja kwa plaiwudi ya milimita 12. Ndani lipakwe rangi ya mafuta ya buluu, tabaka mbili, likae wiki nzima likauke, la sivyo mchanga utanata sakafuni. Ukiufukua mchanga, buluu ya chini huwa maji, na ya kuta huwa anga. Linahitaji mchanga wa kimo cha sentimita tatu na nusu, yaani takriban kilo 23, hivyo meza iwe imara. Mchanga wa mto uchekechwe kwanza, maana kokoto huharibu mkono. Wa bahari usuuzwe maji baridi mara tatu, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuugandisha. Vifaa ni kauri, shanga, vijiti, magari ya watoto, wanyama wa plastiki, kufuli bovu, mfupa wa kuku uliochemshwa. Vibaya na vya kutisha viwepo, kwani kabati lenye vitu vizuri tu linamwambia mtu nini hakitakiwi.

Mmoja hupanga kwa dakika ishirini, wengine wanatazama kimya. Hakuna tafsiri. Akimaliza aseme chochote au asiseme. Kosa kubwa hapa ni kulivunja sanduku mbele yake ili mwenzake aanze. Subirini aondoke chumbani. Picha ya simu ipigwe kwa simu yake tu.

Hiki si kikao cha matibabu, na hilo lisemwe kila mgeni anapoingia. Anayerudiwa na jinamizi lile lile la tukio la kweli, aliyefiwa majuzi, anayesikia sauti au asiyelala siku kadhaa asiingizwe kwenye kazi ya ndoto. Mwendesha kikao awe na namba ya kliniki ya afya ya akili iliyo karibu kabla ya kikao cha kwanza, na awe amekwisha kupiga kuhakikisha inapokelewa. Ndoto haziandikwi kwenye kundi la WhatsApp. Pale ni saa na mahali tu. Karatasi mliyoandikia ndoto apewe mwenyewe mkiagana. Na chai na mandazi zije mwisho, baada ya neno moja moja la kufunga, kwa sababu zikija mwanzo watu hupiga soga, na dakika tisini haziwezi tena kupatikana.