Hakuna bahari ya moto chini ya miguu yako

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na mtu aliyesoma vizuri tu: lava yote iliyoko huko chini ikitoka kwa mpigo mmoja, tutakimbilia wapi? Jamani. Hakuna "lava yote iliyoko huko chini". Ule mchoro wa darasani, dunia imepasuliwa katikati, ganda jembamba juu na wekundu unaotokota hadi kiini, umetuharibia vizazi kadhaa.

Mantili, lile tabaka nene kati ya ganda na kiini, ni mwamba. Ni wa moto mno, na ukiupa mamilioni ya miaka unajongea sentimita chache kwa mwaka, lakini ni mwamba mgumu. Mawimbi ya S ya tetemeko, yale yanayotikisa mwamba upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika, nayo yanaikata mantili yote hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, ndipo yanapokwama kwenye kiini cha nje. Hicho kweli kimeyeyuka. Ila ni chuma, si lava, na hakuna volkano inayokunywa kutoka huko. Tuendelee.

Asiyeamini mawimbi nampa jiwe. Kuna basalti, miamba myeusi ya lava iliyoganda, ambazo ukizipasua unakuta ndani yake donge la kijani, mara nyingine kubwa kama ngumi. Weka lensi jichoni. Kijani kile cha njano kidogo ni madini ya olivini, chembe zimebanana hazina nafasi. Huku na huku kuna punje za kijani kilichokolea zaidi, na vidoa vyeusi vya madini mengine, spineli. Sasa tazama ukingo, pale donge linapokutana na basalti. Mara nyingi kona zake bado ni kali. Hicho ni kipande cha mantili, kimenyofolewa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujafika juu, iliyokuwa inapanda, kikaletwa juu kikiwa kizima. Kimiminika hakina kona.

Basi lava inatoka wapi? Mwamba wa moto ukipanda, mgandamizo unapungua na sehemu yake ndogo inayeyuka, bila joto kuongezwa. Au maji yanaingia kwenye mantili pale bamba moja la ganda la dunia linapozama chini ya jingine, na kiwango cha kuyeyuka kinashuka. Kwa vyovyote kinachoyeyuka ni sehemu ndogo tu, na hiyo ndiyo hujikusanya na kupanda. Kila volkano inajitengenezea mzigo wake. Nyiragongo na Nyamulagira, mashariki mwa Kongo, haziachani hata kilomita 20, lakini kemia ya lava zake ni tofauti. Ol Doinyo Lengai ya Tanzania ndiyo kabisa: inatoa lava ya kaboneti yenye sodiamu, ya nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya joto la basalti. Mchana haionekani kuwaka. Ni nyeusi, na ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Kama zote zingechota kwenye bahari moja, tofauti hizi zingetoka wapi?

Halafu kuna maziwa ya lava, ambayo watu huyaona kama dirisha la hiyo bahari. Ziwa la Nyiragongo lilikauka 1977, 2002 na 2021, kila mara kwa mipasuko iliyofunguka ubavuni mwa mlima. Kilauea, Hawaii, 2018: ziwa la kileleni likazama na sakafu ya kreta ikaporomoka mamia ya mita. Mwaka uliofuata kikatokea nini kwenye shimo hilo? Dimbwi la maji. Maji kabisa, yalikaa pale yakifuka mvuke hadi Desemba 2020, lava iliporudi na kuyachemsha yote. Ziwa la lava linaishi kwa mzunguko: magma yenye gesi inapanda, inapoteza gesi, inakuwa nzito, inazama tena. Hiyo inayozama inaishia wapi hasa, kwa sababu gesi inayotoka ni nyingi kuliko lava tunayoiona juu? Vitabu hupita hapo haraka. Mimi pia sina jibu linaloniridhisha.

Sasa kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hiki hata wenzangu wanakichora: chumba cha magma. Pango la duara, limejaa wekundu, lina bomba juu. Hakuna pango. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hifadhi ya magma ni rojo la fuwele: fikiria changarawe iliyolowa, mawe yamegusana na umajimaji umejificha katikati. Yellowstone, volkano kubwa ya Marekani ambayo kila mwaka mtandao unaitangazia mwisho wa dunia, utafiti wa mitetemo uliochapishwa 2022 uliikadiria asilimia 16 hadi 20 tu ya kilichoyeyuka. Rojo la namna hiyo halilipuki lilivyo. Kwanza umajimaji ujitenge na fuwele, ukusanyike mahali, ndipo tuanze kuogopa.

Na hapa sitajifanya mjuzi. Kujitenga huko kunachukua muda gani? Tunabishana bado, na majibu yanatofautiana kutoka miezi hadi maelfu ya miaka, kutegemea volkano na fuwele ulizopima. Tena hiyo asilimia ni wastani wa eneo la kilomita nyingi. Mfuko mdogo wa magma safi unaweza kujificha ndani ya wastani huo bila picha zetu kuuona.

Umeshajificha. Krafla, Aisilandi, 2009: walikuwa wanachimba kisima cha jotoardhi, lengo lao kilomita nne na zaidi. Kwenye mita 2,100 hivi keekee ikaingia kwenye rayoliti iliyoyeyuka, magma yenye silika nyingi, ya nyuzi kama 900, na vipande vya kioo cha volkano vikapanda na maji ya kuchimbia. Volkano iliyopimwa kwa miaka na miaka, na hakuna aliyejua magma iko pale. Haikulipuka pia, kwa wale wanaoniuliza kwa nini tusitoboe kupunguza presha: shimo la upana huo halipunguzi chochote. Wanapanga kurudi, safari hii kwa makusudi, wafike kwenye magma yenyewe na kuweka vipima. Mpaka hapo, mtu akikuonyesha chumba cha magma chenye kingo safi, muulize hizo kingo amezipata wapi.