Je, wajua kwa nini usukani wa gari lililochoka hutetemeka kwenye 90, halafu kwenye 110 unatulia?

Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro inalionyesha jambo hili vizuri kuliko barabara nyingi, na sababu ni vibao vya 50. Unapita Kibaigwa taratibu ukiogopa tochi ya trafiki ya kupima spidi, nyumba zikiisha unakanyaga mafuta, na gari lililokwisha kula kilomita 200,000 na ushee linaanza visa vyake. Kwenye 80 unahisi kitu kidogo viganjani. Kwenye 90 usukani unacheza kushoto na kulia harakaharaka. Ukivuka 110, shwari. Unafika Gairo, kibao cha 50 kinakusubiri tena, na ukitoka hapo mchezo unaanza upya.

Ukiuliza kijiweni utaambiwa kafanye alaimenti. Jibu hili limeenea kiasi kwamba kulipinga ni kama kuanzisha ugomvi, lakini mara nyingi si lenyewe. Alaimenti ni kazi ya pembe: magurudumu ya mbele yanatazama wapi, na yamelala ndani au nje kwa kiasi gani. Pembe ikiharibika, imeharibika kwenye 20 kama ilivyoharibika kwenye 120. Haisubiri spidi fulani ndipo ijitokeze, na haiondoki ukiongeza mafuta. Dalili zake ni nyingine: gari linavuta upande mmoja, usukani umekaa kombo wakati barabara imenyooka, tairi inaliwa ukingo mmoja ilhali wa pili bado una meno.

Mbona basi watu wanatoka kwenye alaimenti wakiwa wamepona? Kwa sababu sehemu nyingi zinazofanya alaimenti hufanya na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, siku hiyohiyo, kwa malipo ya pamoja. Mteja anakumbuka mtambo mkubwa wenye skrini, anasahau vile vipande vidogo vya madini ya risasi ambavyo kijana alivigonga kwa nyundo kwenye ukingo wa rimu. Sifa inakwenda kwa mwingine. Hata hivyo alaimenti si malaika: ikiachwa mbovu miezi mingi hula tairi kwa mabonde na vilima, na tairi ya namna hiyo hutetemesha gari. Ila wakati huo kunyoosha pembe hakurudishi mpira ulioliwa.

Sasa tuje kwenye balansi. Tairi ya kawaida ya gari dogo, tuseme 195/65 ya inchi 15, huzunguka takriban mara 14 kila sekunde gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Upande mmoja wa rimu ukizidi kwa gramu 30 tu, kwa spidi hiyo zile gramu huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4 na nusu, zikielekea mbele, chini, nyuma, juu, mara 14 kwa sekunde. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo tu. Kwa hesabu hiyo 110 ingepaswa kuwa mbaya kuliko 90, na hapa ndipo penye utamu.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kidogo tu, lakini kila anaporudi, atapanda juu hadi mama yake akukataze. Ukimsukuma kwa nguvu zaidi lakini harakaharaka, bila kungoja arudi, unampiga mara akienda, mara akija, na bembea inabaki ikisitasita palepale. Gurudumu nalo, likiwa limeshikwa na springi, bushi (mipira ya kwenye maungio) na mpira wa tairi, lina mwendo wake wa asili kama bembea, na kwa magari mengi madogo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Kwenye 90 msukumo wa zile gramu unaangukia humo. Kwenye 110 nguvu imeongezeka lakini haipatani tena na mwendo huo wa asili. Na kwa kuwa magurudumu ya kushoto na kulia hayazunguki sawasawa kabisa, wasukumaji wawili mara wanapatana, mara wanapishana, ndiyo maana mtetemo huja kwa mawimbi: sekunde kadhaa umo, kadhaa haumo.

Kwa hiyo anayesema dawa ni kuongeza spidi amesema kweli kuhusu mikono yake tu. Boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) na beringi bado zinapigwa.

Spidi yenyewe hubadilika kwa ukubwa wa tairi na uzito wa gari. Usiishike 90 kama amri. Land Cruiser zenye ekseli ngumu mbele zina ugonjwa wao mwingine, ule wa kupiga shimo moja kisha usukani mzima ukachachamaa hadi upunguze mwendo sana. Huo una kanuni zake.

Gari jipya huweza kumeza gramu chache bila dereva kujua. Lililotembea sana haliwezi, kwa sababu shokapu imechoka kuzima mtikisiko, bushi zimepasuka, na tairodi endi, ncha ya fimbo inayogeuza gurudumu, ina nafasi ya kuchezea. Anza na nati za gurudumu. Zikiwa zimelegea, hapo hakuna cha kujadili balansi. Kisha piga jeki, weka na stendi, shika tairi kushoto na kulia, uitikise. Ikicheza, shuku tairodi au raki, ule mtambo wa usukani. Ukiishika juu na chini ikacheza, ni boljointi au beringi. Mtu akanyage breki, na mchezo ukipotea, beringi ndiyo yenye kesi. Mtetemo unaokuja wakati wa kufunga breki pekee, angalia diski.

Wakati wa masika kuna mshitakiwa mwingine. Udongo mweusi wa mbugani, ule wa huko Bahi, hunata upande wa ndani wa rimu na kukaukia pale. Bonge la ukubwa wa yai linazidi gramu 30 kwa mbali. Maji na brashi vinatosha.

Mashine ya balansi ikisema sifuri na usukani ukaendelea kucheza, pengine rimu imepinda au tairi si duara. Mashine huzungusha gurudumu likiwa halijabeba gari, kwa hiyo kasoro hiyo inaweza kuikwepa. Gari likiwa juu ya jeki, simamisha kipande cha waya kwenye jiwe, ncha ikaribie tairi bila kuigusa, zungusha polepole. Pengo likipanuka na kufinyika, umempata. Tairodi ikibadilishwa, hapo sasa ndipo alaimenti inapohitajika, na ifanywe mwisho, baada ya vyuma vyote kukazwa.