Ukifuga sungura ndani ya nyumba, anza na nyasi

Sungura wengi wa nyumbani wanaofikishwa kliniki wakiwa hoi wameugua kwa sababu ya chakula. Mwenyewe anampenda, anampa mkate, ugali, biskuti na karoti kila siku, tena bakuli la pelleti, yaani vidonge vya chakula cha dukani, halikauki. Watoto wanafurahi kumwona anavyokula, na mnyama anazidi kunenepa, mpaka asubuhi moja anakutwa amejikunyata kwenye kona na chakula hajakigusa.

Sungura hawezi kutapika. Chakula kikishaingia tumboni, lazima kipite mpaka mwisho, na kinachousukuma utumbo wake ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Zikipungua, utumbo unazubaa, gesi inajaa, maumivu yanamfanya aache kula, na kuacha kula kunauzubaisha utumbo zaidi. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kunya ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kesho.

Kisha kuna meno. Yanaota maisha yake yote, ya mbele takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kutafuna nyasi kutwa nzima ndiko kunakoyasaga. Magego yasiposagika huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Utamwona anakisogelea chakula, anakinusa, kisha anageuka. Kidevu kinalowa mate. Hapo wengi hudhani anadeka.

Kwa hiyo nyasi kavu zisikosekane mbele yake usiku na mchana, maana ndizo mlo wenyewe. Hei, yaani nyasi kavu, ya Rhodes inauzwa kwa robota kwenye maduka mengi ya pembejeo, na robota moja humchukua sungura mmoja muda mrefu. Chagua yenye harufu nzuri na ukijani uliobaki, isiyo na vumbi wala ukungu. Ukikata nyasi mwenyewe, epuka kando ya barabara na mahali palipopuliziwa dawa. Juu ya hapo mpe mafungu madogo ya majani: mchunga, matembele, majani ya karoti, giligilani. Pelleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Karoti yenyewe ina sukari nyingi. Kipande kidogo mara moja moja kinatosha. Parachichi na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu, chokoleti na majani mabichi ya mhogo asiguse kabisa.

Kama kuna zoea moja ningependa kila mfugaji alishike, ni kukagua kinyesi kila asubuhi. Kinyesi kizuri ni cha duara, kikavu, ukubwa wa mbaazi, na vyote vinalingana. Chukua kimoja ukivunje kwa vidole: ndani utaona vipande vya nyasi vilivyosagika, rangi ya kahawia, harufu karibu hakuna. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi na vigumu, nyasi au maji hayatoshi. Vikipungua idadi, utumbo umeanza kuzubaa, na hapo bado una muda wa kumwahi. Kuna pia kinyesi cha pili, laini, cheusi, kinachong'aa, kilichoshikana, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni. Msimkemee wala kumzuia, kwani humo anapata vitamini na protini alizotengenezewa na bakteria wa utumbo wake. Ukikikuta kimelala sakafuni mara kwa mara, punguza pelleti na vitu vitamu.

Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, adui mwingine ni joto. Sungura hapoi kwa jasho, anategemea zaidi masikio yake kutoa joto, na hewa ikipita nyuzi 28 anaanza kutaabika. Kibaraza chenye jua la mchana au chumba cha bati bila dari kinaweza kumuua kwa saa chache. Mwache alale kwenye sakafu ya vigae, mwekee chupa ya maji yaliyogandishwa iliyoviringishwa kitambaa, na maji ya kunywa yawe mengi. Akihema mdomo wazi, lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, mtoe penye joto, umkimbize kwa daktari. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Kizimba kiwe mahali pa kulala tu, na sakafu yake isiwe ya waya mtupu, maana waya huchubua nyayo. Mchana atoke akimbie, nyaya za umeme zikiwa zimefichwa. Choo anajifunza upesi: weka trei yenye maranda kwenye kona aliyoichagua mwenyewe, na nyasi pembeni, kwa kuwa hula huku akijisaidia. Ukimwinua, usimshike masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako, kwani akirusha teke akiwa ananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Dume na jike watenganishwe kuanzia miezi 3 na nusu. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa.

La dawa nalisisitiza. Antibiotiki kama amoksilini, ampisilini au penisilini akipewa kwa mdomo huua bakteria wema wa utumbo, na sungura hufa kwa kuhara. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproni nayo ni sumu kwake. Ukiona magamba puani, kwenye kingo za masikio au kwenye vidole, huenda ni ukurutu, ambao huwasha binadamu pia: watoto wasimshike, na daktari wa mifugo amchome aivamektini kwa kipimo cha uzito wake. Unapompeleka, beba na vinyesi vya siku hiyo kwenye mfuko, na umweleze daktari alichokula tangu jana.