Rapa Bora wa Zama Zote: Tunabishana kwa Vipimo Vibovu

Ukimtaja Rakim kijiweni leo, vijana wengi watakuuliza ni nani huyo. Ukimtaja Tupac, hakuna atakayeuliza. Picha yake wameiona kwenye vioo vya daladala, kwenye kuta za vinyozi na kwenye fulana za mitumba tangu hawajajua kusoma. Ubishi wa nani rapa bora wa zama zote kwetu huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo: jina la nani linajulikana zaidi. Mimi nimebishana hoja hii tangu enzi za kaseti na naipenda kwa dhati. Ndiyo maana huniuma watu wanapotupa mezani kama ushahidi mambo yasiyo ushahidi, na mengine si kweli hata kidogo.

"Aliyeuza zaidi ndiye mkubwa"

Mwaka 1990 MC Hammer alitoa albamu ya Please Hammer, Don't Hurt 'Em. Ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 21 na ikawa albamu ya kwanza ya rap kupata almasi, yaani nakala milioni 10. Miaka minne baadaye, Aprili 1994, Nas, kijana wa miaka 20 aliyekulia kwenye magorofa ya Queensbridge, New York, akatoa Illmatic. Wiki ya kwanza iliuza nakala kama 59,000, na ilibidi kusubiri mpaka 2001 ndipo ikatangazwa kufikisha milioni. Kwa kipimo cha mauzo, Hammer kamwacha Nas mbali na mjadala umefungwa. Haya, nitafutie rapa mmoja anayesema alijifunza kuandika mistari kwa Hammer. Illmatic haifiki hata dakika 40, lakini Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye hazina ya taifa ya rekodi za sauti, na kila kizazi cha waandishi wa mistari bado kinairudia. Hammer alikuwa mtumbuizaji hodari, jukwaa lilikuwa lake, na hilo simnyimi. Ila tunaongelea kuchana, yaani kurap.

Halafu namba zenyewe zina hesabu zake. Ukisikia All Eyez on Me ya Tupac ina almasi ya milioni 10, ujue ile ni albamu ya CD mbili, na chama cha kampuni za muziki Marekani huhesabu albamu ndefu ya namna hiyo mara mbili. Tangu Februari 2016 chama hicho kinahesabu pia usikilizaji wa mtandaoni: nyimbo zikichezwa mara 1,500, ni sawa na albamu moja kuuzwa. Kwa hiyo ukilinganisha namba za msanii wa 1988, ambaye mtu alitoa hela mfukoni akaenda dukani kununua kanda yake, na za msanii wa 2024 anayechezwa kwenye simu usiku kucha, unalinganisha kilo na lita.

"Hana Grammy, basi"

Hili nalipitia haraka kwa sababu linajiangusha lenyewe. Grammy ni tuzo kubwa ya muziki Marekani, na Tupac hakushinda hata moja. Biggie, rapa wa New York, hakushinda. Nas alisubiri mpaka 2021. Rap ilipopewa kipengele chake kwa mara ya kwanza mwaka 1989, tuzo hiyo haikuonyeshwa kwenye matangazo ya televisheni, na DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince walioishinda walisusia sherehe. Mwaka 2014 albamu bora ya rap ikawa ya Macklemore na Ryan Lewis, mwaka ambao good kid, m.A.A.d city ya Kendrick Lamar ilikuwa mezani. Tuzo inakueleza wapiga kura walipenda nini mwaka ule. Miaka minne baadaye Kendrick huyo huyo akapewa Pulitzer kwa albamu ya DAMN., tuzo ambayo kwenye muziki haikuwahi kutoka nje ya klasiki na jazi. Nilifurahi sana siku ile. Lakini alikuwa anachana vilevile hata kabla hawajamwona.

"Tupac ni mtoto wa California", na mengine ya Tupac

Tupac alizaliwa New York, mtaa wa Harlem, Juni 1971. Ujana wake ulipita Baltimore, ambako alisoma shule ya sanaa na kuigiza tamthilia, na California aliifikia akiwa karibu anamaliza sekondari. Nalitaja kwa sababu kwenye mabishano watu hugawa ramani ya Marekani katikati kama timu mbili za mpira, Tupac magharibi na Biggie mashariki, kisha wanapima kipaji kwa upande wa bahari.

Wapo pia wanaoapa kwamba hakufa. Nimesikia Cuba, nimesikia kisiwani, nimesikia mambo mengi. Alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996 na akafariki siku sita baadaye, akiwa na miaka 25. Mwaka 2023 polisi wa Las Vegas walimkamata mtu na kumfungulia mashtaka ya mauaji hayo. Nyimbo zilizoendelea kutoka baada ya kifo chake zilitokana na mazoea yake ya kazi: akiingia studio alirekodi kama mtu anayekimbizwa, wimbo baada ya wimbo, na maktaba aliyoiacha ililisha albamu kadhaa. Kwangu hilo ni la kushangaza kuliko hadithi ya kujificha.

Dhana ninayoiona nzito zaidi ni ile isemayo kifo ndicho kilichowafanya yeye na Biggie wawe wakubwa. Kifo kiliwagandisha, hilo ni kweli. Hawakupata nafasi ya kutoa albamu mbovu wakiwa na miaka 45. Lakini Biggie alipouawa Los Angeles, Machi 1997, alikuwa na miaka 24 na albamu moja tu sokoni. Ya pili ilitoka siku 16 baadaye. Hiyo moja ilitosha. Isikilize anavyosimulia tukio la ujambazi: anabadilisha sauti kwa kila mhusika, anavuta pumzi mahali ambapo hutegemei, na huoni sehemu alipojibana ili kina kiingie. Ufundi huo alikuwa nao akiwa hai.

"Anayechana haraka ndiye fundi"

Rap God ya Eminem ya mwaka 2013 iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na maneno 1,560 ndani ya dakika sita na sekunde nne. Twista wa Chicago alikuwa tayari ameingizwa humo mwaka 1992 kwa kasi. Ni kazi ngumu na mapafu yanahitajika, ila kasi ni kifaa kimoja tu kwenye boksi la fundi. Kuna pia wanaohesabu msamiati. Mwaka 2014 mtafiti wa takwimu Matt Daniels alichukua maneno 35,000 ya mwanzo ya kila rapa akahesabu mangapi hayajirudii. Aesop Rock akawa juu kabisa na DMX chini kabisa. Nani aliyewahi kusimama ukumbini DMX akiomba dua jukwaani, watu wazima wakilia, akasema huyu ana upungufu wa maneno?

Hapa ndipo namleta Rakim, na naomba subira.

Kabla ya 1986 marapa wengi wa New York walichana kwa kupaza sauti, mistari miwili miwili, kina kikidondokea mwishoni pale ngoma inapogonga. Nitaonyesha kwa Kiswahili, kwa mistari niliyoitunga mwenyewe:

*Asubuhi na mapema napanda lori la mkaa,*
*Nimeshachoka na hapa, sitaki tena kukaa.*

Inasikika, inaeleweka, inachezeka. Kina ni kimoja, "kaa", na kinakusubiri mwisho wa mstari kama kituo cha basi. Sasa chukua habari ile ile:

*Alfajiri nasafiri juu ya lori la mkaa,*
*Nina siri ya safari, sina hiari ya kukaa.*

"Iri" imegonga mara tatu, "ari" mara mbili, na "kaa" bado ipo mwisho. Sikio halisubiri tena kituo. Linatekenywa njia nzima. Hicho ndicho Rakim alichokifanya kwenye Kiingereza cha rap, na akaenda mbali zaidi, maana aliacha sentensi ivuke mwisho wa mstari na kuingia mstari wa pili, kina kikitua katikati ya wazo. Alikulia Wyandanch, Long Island, kwenye nyumba ya muziki; shangazi yake alikuwa Ruth Brown, mwimbaji mkubwa wa R&B. Yeye mwenyewe alipiga saksofoni, na amesema mara nyingi kwamba alikuwa anajaribu kufanya kwa maneno kile mpiga saksofoni wa jazi John Coltrane alichokifanya kwa pumzi. Aliporekodi wimbo wa kwanza na DJ Eric B. kwa prodyuza Marley Marl, waliokuwepo walimtaka aongeze nguvu kwenye sauti, kwa sababu rapa asiyepiga kelele alionekana kalala. Akabaki mtulivu vilevile. Paid in Full ikatoka 1987 akiwa na miaka 19, na baada yake kuchana kwa mtindo wa zamani kukaanza kusikika kwa kizamani ghafla.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa hili upesi kuliko wengine. Muyaka bin Haji alikuwa anapanga vina vya kati na vya mwisho Mombasa tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwanafunzi yeyote aliyekariri tarbia anajua kugawa mizani nane kwa nane. Fid Q wa Mwanza aliipa albamu yake ya kwanza jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na mimi sijawahi kuona maelezo mafupi na sahihi zaidi ya jambo ambalo Rakim alilianzisha kule.

"Anayeandikiwa mistari si rapa"

Hapa nakubali nusu. Wimbo ulioipeleka rap duniani mwaka 1979, Rapper's Delight, una ubeti wa Big Bank Hank uliotoka kwenye daftari la mtu mwingine, Grandmaster Caz wa Bronx. Hank hakubadilisha hata jina: anataja herufi moja moja za Casanova, jina la kisanii la Caz. Caz hakutajwa kama mtunzi. Miaka 20 baadaye Dr. Dre wa Compton, California, alirudi na Still D.R.E., na aliyeiandika ni Jay-Z, mtoto wa Brooklyn akiandika kwa lafudhi ya Compton kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka. Mwaka 2015 rapa Meek Mill alipomshutumu rapa mwenzake Drake kwa kuandikiwa, mtandao mzima uliwaka moto kana kwamba ni jambo jipya.

Msimamo wangu: Dre ni prodyuza ambaye huwezi kusimulia hip hop bila yeye, na kuandikiwa hakumpunguzii hilo. Ila kwenye kiti cha rapa bora wa zama zote anakaa aliyeandika mistari yake. Na tukishasema hivyo, Jay-Z apate alama za Still D.R.E. Mwaka 2017 alikuwa rapa wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la Watunzi wa Nyimbo, na alistahili.

"Kwa wanawake tuweke orodha yao"

Hapana. Mwaka 1984 binti wa miaka 14 kutoka Queensbridge, Roxanne Shanté, alipitia kwa Marley Marl huyu huyu akiwa na safari ya kwenda kufua nguo, akachana mistari ya kichwani bila karatasi, na wimbo huo ukazaa mlolongo mrefu wa nyimbo za kujibizana. Nas alikuwa mtoto mtaa ule ule. MC Lyte alitoa albamu nzima mwaka 1988. Lauryn Hill alibeba Grammy tano usiku mmoja mwaka 1999, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka, ambayo hip hop haikuwahi kuigusa kabla ya hapo.

Watu humkata Lauryn kwa hoja kwamba ana albamu moja tu ya studio peke yake. Rudi juu usome Biggie alikuwa na albamu ngapi sokoni alipokufa. Sheria iwe moja kwa wote.

"Neno GOAT limeletwa na mitandao"

Muhammad Ali alijiita mkuu kuliko wote tangu ujana wake, na mwaka 1992 mkewe Lonnie aliandikisha kampuni ya kusimamia jina lake akaiita G.O.A.T., kifupi cha Kiingereza cha "mkuu wa zama zote", na "goat" ni mbuzi. Mwaka 2000 LL Cool J akaipa albamu yake herufi hizo hizo, na hip hop ikazibeba kutoka hapo. Ile picha ya mbuzi vijana wanayoituma kwenye simu ina ukoo wa ngumi.

Sasa niseme nasimama wapi. Kaseti yangu ya kwanza ya rap ilikuwa TDK ya dakika 90, ya kurekodiwa. Upande A uliandikwa "2Pac" kwa kalamu ya bluu. Upande B haukuandikwa kitu, aliyenirekodia alijaza tu nafasi. Nilikuwa nairudisha nyuma kwa biki ili nisimalize betri, na kidogo kidogo nikajikuta nairudisha zaidi ule upande usio na jina. Sikujua ana sura gani, ameuza ngapi, yu hai au amekufa. Nilijua tu kwamba sauti ile haina haraka na kila nikisikiliza nagundua kina nilichokuwa nimekiruka. Zilipita kama mwaka na nusu hadi nikaona CD kwa mtu, nikaomba iwekwe, na ndani ya sekunde chache nikamtambua.

Kwa hiyo Rakim wa kwanza, Nas wa pili, Biggie wa tatu, Lauryn wa nne, Kendrick wa tano na bado anapanda. Tupac namweka wa sita, na rafiki aliyenirekodia ile kaseti hajakubali mpaka leo.